Mama Yake Blanketi

Kalunde wa Kalamba aliuza ugoro, na ugoro haushikwi mkononi kama ndizi. Lazima ufungwe. Mambo yote yalianzia hapo, kwenye karatasi ya kufungia.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaingia. Soko la Kalamba lilikuwa na maduka machache yaliyotazamana kama watu wenye kesi, na duka kubwa kuliko yote lilikuwa la Muthama. Mabati yake yalitokeza mbele yakafunika veranda pana ya saruji, na Kalunde alikaa kwenye kona ya veranda hiyo, upande wa kulia unapoingia. Vitu vyake vilikuwa kigoda, jiwe la kusagia tumbaku, kopo la magadi, na mkebe wa ugoro wenye mfuniko uliobana.

Ugoro una maringo yake. Jua likiupiga unakufa. Mvua ikiugusa unakuwa matope. Upepo ukiupata unaenda kuwapigisha chafya watu ambao hawajanunua. Kona ya Muthama haikufikiwa na jua, mvua wala upepo, na soko zima halikuwa na kona nyingine kama hiyo. Kalunde alijua. Muthama naye alijua, na kila alipokosa la kusema alimkumbusha, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Mama Kiema, hiyo kona niliipiga saruji mimi."

"Na mimi nimeilainisha kwa makalio yangu. Sema asante."

Muthama alikuwa mtu wa tumbo, kofia ya felti na penseli sikioni. Alikuwa amemaliza darasa la saba, jambo ambalo hakuacha mtu alisahau. Mbaya sana hakuwa. Alikuwa tu mtu wa aina ile ambayo ikikupa kiberiti inakuhesabia njiti.

Karatasi Kalunde aliletewa na tanboi, yule utingo wa lori la mahindi. Lilikuwa bunda la magazeti ya zamani kutoka Nairobi, limefungwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na hotuba, matangazo ya sabuni, na picha za ng'ombe walioshinda kwenye maonyesho. Kalunde alichana, akakunja, akafunga. Hakuna mzee aliyewahi kurudi kulalamika kwamba hotuba imekatwa katikati.

Siku moja likaja bunda la namna nyingine. Tanboi alisema limetoka kwa Mzungu aliyefunga virago akarudi kwao, na watoto wake walikuwa wameacha takataka zao zote nyuma. Kalunde alikata kamba akakuta vitabu vyembamba vya picha, vya rangi kali kama leso ambayo haijafuliwa. Kila ukurasa ulikuwa umegawanywa visanduku, na karibu kila kisanduku kilikuwa na mtu yule yule, amevaa nguo zilizombana kama ganda la muhogo na kitambaa kirefu mgongoni. Mtu huyo alipaa. Alivunja kuta kwa ngumi. Juu ya vichwa vya watu kulikuwa na mawingu meupe yenye maneno, lakini Kiingereza cha Kalunde kilikuwa cha darasa la nne, yaani kusalimia na kuomba ruhusa ya kwenda nje.

Alitazama mpaka chai ikapoa. Alikuwa bado anatazama wakati Mzee Ndululu alipogonga mkebe kwa fimbo.

Mzee Ndululu ndiye aliyewahasi mafahali wa Kalamba nzima tangu ujana wake. Alijua mwili wa fahali kuliko fahali mwenyewe, na kwa sababu ya kazi hiyo hakuogopa mtu. Watu ndio waliomwogopa yeye kidogo.

"Huyu ni nani?" akauliza, akiinama juu ya picha.

"Sijui, Mzee. Anapaa."

"Na hilo blanketi mgongoni?"

"Ni lake."

"Basi mbona hajifuniki? Angalia, miguu nje, mikono nje, mtu yuko juu ya mawingu na baridi yote hiyo! Ana blanketi na hajui kazi yake." Mzee alitikisa kichwa. "Kijana huyu hana mama."

Kuanzia hapo yule mtu akaitwa Blanketi, na kama alikuwa na jina lingine kwao, Kalamba halikufika.

Kalunde alifumba macho, akachana ukurasa, akamfungia mzee ugoro wake. Kesho yake asubuhi mzee alikuwa amesimama pale pale.

"Ugoro."

"Ai, wa jana umekwisha?"

"Haujakwisha. Nataka kujua kama ile treni ilimkanyaga."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wazee walianza kununua ugoro kidogo kidogo ili wapate karatasi mara nyingi. Kwa kuwa kila mmoja aliondoka na ukurasa wake, ilibidi wakutane verandani kuunganisha. Huyu ana Blanketi akiruka, yule ana Blanketi akitua, na aliye na ukurasa wa katikati amekwenda kunywesha mbuzi. Waligombana vibaya sana. Mmoja aliapa kwamba yule mwanamke wa nywele nyekundu ni mke wa Blanketi. Mzee Ndululu akasema haiwezekani, maana katika picha zote hizo hajampikia hata mara moja.

Halafu bunda likaisha, na likaisha pabaya. Kitabu cha mwisho kilimwacha Blanketi amefungwa minyororo ndani ya shimo refu, na maji yanapanda.

"Maji yanajaa, naye analia?" akauliza mzee mmoja. "Mwambie aje huku kwetu kwenye ukame na shimo lake."

"Nyamaza wewe," akasema mwingine. "Anatokaje? Mama Kiema, lete ukurasa wa mwisho."

Ukurasa wa mwisho haukuwako. Kalunde alikuwa amemfungia mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa akipita, na mchuuzi alikuwa ameelekea kwao Kyuso. Kyuso si mahali pa kukimbizia karatasi.

Wazee walisimama wakamtazama kama mtu aliyemwaga maziwa. Kisha Mzee Ndululu akasema, polepole, kwamba amesikia Matiliku kuna mwanamke anayeuza ugoro mzuri. Kwa mfanyabiashara, hayo ni matusi ya kutosha. Kalunde akaingia dukani, akamwomba Muthama ile karatasi ya kaki ya mfuko wa sukari uliokwisha, akatoa kwenye kanga yake kipande cha penseli ya wino.

Penseli ya wino wengi mnaikumbuka. Ukiandika nayo kavu inatoa kijivu hafifu tu. Ukiilamba, inatoa rangi ya zambarau isiyotoka hata kwa maombi. Kalunde alilamba akachora, akalamba akachora. Alikuwa amechora tangu utotoni, kwa kijiti, kwenye mchanga wa mto, akisubiri maji yajikusanye kwenye kisima. Ila mchanga hauweki kitu. Karatasi iliweka.

Akamchorea Blanketi mama.

Mama huyo alishuka kutoka mlimani na jembe begani, amevaa kitambaa kichwani na kaptura ya marehemu mumewe chini ya rinda, kama mtu anayekwenda shambani hasa. Kwenye kisanduku cha kwanza alichungulia shimoni. Kwenye viwili vilivyofuata hakufanya lolote ila kugomba. Wingu la maneno lilijaa mpaka likakosa nafasi, na ndani yake aliandika: NILIKUAMBIA UVAE SWETA. Halafu mama akachukua mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wetu huupitisha kwenye paji la uso kubebea kuni na maji, akaufunga kwenye minyororo, akainama, akavuta. Mwana akatoka. Shimo nalo likatoka. Mama akaenda zake nyumbani, mgongoni amebeba mwana, shimo na maji yake yote, ili akanyweshee maharagwe.

Mzee Ndululu aliutazama ukurasa ule akiwa na ugoro puani na hakupiga chafya.

"Sasa hiyo," akasema, "ni nguvu yenye faida."

Blanketi mwenyewe alififia baada ya hapo. Alibaki akitumwa dukani na kuchunga mbuzi. Mama yake ndiye aliyetakiwa. Mama Yake Blanketi alinyanyua lori lililozama kwenye mchanga wa mto, pamoja na dereva aliyekuwa bado anasema yeye anajua njia. Alimkamata fisi akamkama maziwa. Ukurasa mpya ulitundikwa kwa mwiba kwenye nguzo ya veranda watu wausome, na kesho yake aliyewahi alifungiwa nao ugoro. Soko lilijua siku ya ukurasa mpya bila kutangaziwa. Kalunde akikusalimia asubuhi ukaona ulimi wa zambarau, ulijua hadithi imeiva.

Hata watu wasiovuta walianza kununua. Syombua, mwenyekiti wa mwethya, kile chama cha wanawake wa kulimiana na kuchimbiana matuta, alikuwa mlokole wa kwanza kwenda mbele na wa mwisho kusamehe. Alikuwa amesimama kanisani zaidi ya mara moja kuulaani ugoro, huku akitazama upande aliokaa Kalunde. Siku moja alifika verandani, akanunua ugoro mbele ya mashahidi, akafungua karatasi, akaumwaga ugoro wote chini, akaukanyaga, akakunja karatasi akaitia kwenye Biblia.

"Nimekemea," akasema, na kuondoka.

"Kemea tena Ijumaa," Kalunde akamjibu. "Ijumaa kuna fisi wa pili."

Sasa, mtu mwenye nguvu namna hiyo lazima umtafutie adui, na fisi na malori huchosha. Kalunde alihitaji mtu mbaya, na mtu mbaya wa picha anataka tumbo. Kutoka kwenye kigoda chake, akigeuza shingo, tumbo lililoonekana lilikuwa moja.

Hapo lazima niseme kuhusu kilo. Kilo zilikuwa ndiyo zimekuja tu, zikazifukuza ratili tulizokua nazo, na watu wa Kalamba hawakuzipenda. Tangu zije, sukari ya nyumbani ilikuwa ikiisha kabla ya siku yake. Kila mtu aliona hivyo, na kila mtu alijua sababu: kilo ni ndogo. Serikali imeleta kipimo kidogo. Syombua alikuwa ameiweka kilo kwenye maombi ya Jumatano, baina ya wagonjwa na mvua. Hakuna aliyewaza juu ya mizani. Ilikuwa pale juu ya kaunta, sahani mbili zimening'inia kwa minyororo, na mbele yake Muthama alikuwa ameegemeza ubao wa sanduku la majani ya chai, eti upepo usiyumbishe sahani.

Kalunde naye hakujua kitu. Alichora tu adui wa kawaida, akamwita Bwana Mizani, akampa tumbo, kofia ya felti na penseli sikioni. Bwana Mizani alikuwa na kidole gumba kirefu kama mchi, na alipopima sukari alikilaza kidole hicho juu ya sahani, kikasinzia. Mama Yake Blanketi akamfumania. Akapitisha mukwa, akamnyanyua Bwana Mizani, akampima kwenye mizani yake mwenyewe, na kwa kuwa mizani ilikuwa imezoea kuongeza, ikasema huyu ni fahali. Kisanduku cha mwisho kilionyesha mahali fahali hupelekwa. Kulikuwa na mzee mmoja, mgongo tu ndio ulioonekana, ameshika koleo, anangoja kwa furaha.

Kalamba hapakufanyika biashara asubuhi ile. Watu walicheka wakashikilia nguzo. Mzee Ndululu aliomba ukurasa ule usifungiwe ugoro bali azikwe nao.

Muthama alitoka nje kuona kinachowachekesha wateja wake. Alisoma kisanduku baada ya kisanduku, midomo ikitikisika. Alipofika kwenye koleo alirudi nyuma hatua moja.

"Huyu ni mimi!"

"Kwani wewe hulaza kidole kwenye mizani?" Kalunde akauliza.

"Mimi? Sijawahi hata siku moja!"

"Basi si wewe."

"Na kofia?"

"Kofia zinauzwa, Baba. Wewe mwenyewe umezitundika hapo ndani."

"Na tumbo?"

"Tumbo, kila mtu anakula kwake."

Watu wakaangua kicheko tena. Muthama alikuwa amegeuka rangi ya matofali mabichi. Akauchomoa mwiba, akaukunja ukurasa, akanyoosha kidole kwenye kona.

"Siku ya soko ijayo, Mama Kiema, sitaki kuona kigoda hapa. Wala jiwe. Wala mavumbi yako. Nenda ukauzie huko kwa mama yake Blanketi."

Kicheko kikafa. Kalunde alifunga mkebe wake polepole. Akatembeza macho katika soko zima. Kwenye kibaraza cha bucha kulikuwa na nzi. Kwenye mashine ya kusaga, ugoro ungegeuka uji. Chini ya upenu wa kanisa hangemaliza wimbo mmoja kabla hajafukuzwa. Alikuwa na watoto wa kulisha, na alichoweza kukiuza hakikuwa na kwao pengine duniani ila kona ile.

Basi Muthama akafanya kosa lake la kwanza. Ili jambo liwe na haki machoni pa watu, akamwita Syombua aamue, akijua vizuri mama huyo anavyouchukia ugoro.

Syombua alikuja na jembe, maana alitoka kwenye matuta. Akausoma ukurasa wa kaki mara mbili. Kwenye mashavu yake kulikuwa na kitu kinachopigania kutoka.

"Malalamiko yako ni nini, Muthama?"

"Amenichora, mwaitu! Mama, ameniharibia jina!"

"Amekuimba."

"Hajaniimba. Amenichora."

"Sasa hapo tofauti ni gani? Sisi kwenye mwethya tukiwa na neno na mtu, tunamtia kwenye wimbo wa kuchimbia. Mimi mwenyewe nimeimbwa. Waliimba kwamba nachelewa kazini kwa sababu ya kujitazama kwenye kioo."

"Na ulifanya nini?"

"Nilikwenda kwa chifu? Niliwafukuza watu kwenye kisima changu? Nilitunga wimbo wangu nikawajibu siku iliyofuata, na yule aliyeanza hajafungua mdomo mpaka leo. Ndiyo sheria. Ukiimbwa, jibu. Ukishindwa kujibu, wimbo ni wako, kaa nao." Akaliweka jembe begani. "Umechorwa, chora. Kwa mkono wako, usiajiri mtu. Siku ya soko utundike hapa. Soko likicheka pamoja na wewe, Kalunde ataondoka, na nitamsaidia kubeba lile jiwe. Soko likikucheka wewe, kona ni yake na usimtajie tena saruji."

"Lakini mimi sijui kuchora!"

"Si una darasa la saba?" Syombua akauliza, na kwenda zake.

Siku zilizofuata Kalunde aliuza ugoro katika karatasi tupu na kusikiliza kupitia ukutani. Alisikia karatasi ikichanwa. Alisikia mtu mzima akiguna kama anayejifungua. Hofu ilimshika, maana Muthama alikuwa na karatasi duka zima, na anayechekesha si lazima ajue kuchora.

Mara moja kichwa chenye kofia kilitokeza mlangoni.

"Mama Kiema. Ngumi, kidole gumba kinakaa ndani au nje?"

"Kunja yako uangalie."

Akakunja, akaangalia, akarudi ndani. Labda ngumi ile ndiyo iliyomfundisha. Aliacha kubuni. Alivuta kiti chake nyuma ya kaunta, akaketi, na kuanza kuchora alichokiona, kitu kwa kitu, akifumba jicho moja. Muthama alikuwa mtu wa uangalifu. Njiti zake alizihesabu na mistari yake akaihesabu vile vile.

Siku ya soko watu walijaa mpaka barabarani. Hata mwanamke wa ugoro wa Matiliku alikuwako, akiipima kona kwa macho. Muthama alitoka amechana nywele, akatundika karatasi nyeupe kubwa mlangoni.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa Kalunde. Pua ilianza kwenye kisanduku hicho na kumalizikia kwenye cha pili.

"Hiyo ni ndovu?" mtu akauliza.

"Ni Mama Kiema!" Muthama akasema. "Anaonja bidhaa zake!"

Soko likacheka. Lilicheka vizuri, pamoja naye, na Kalunde akahisi kigoda kinamponyoka. Mwanamke wa Matiliku alisogea hatua moja. Kalunde alijilazimisha kutabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umeushika mkebe kama mtu anayeshika mtoto barabarani.

Kisanduku cha tatu pua ile ilikuwa imekwama mlangoni mwa duka. Wakacheka zaidi. Muthama alipanda daraja la mlango, akaanza kuonyesha kwa penseli kama mwalimu.

"Sasa hapa ni mimi. Nimekaa dukani kwangu. Mnaona mikono? Iko juu. Vidole gumba vyote viwili viko juu, hewani! Mbele yangu ni mizani, na hakuna anayeigusa. Angalieni wenyewe kama nimemwibia mtu."

Watu wakasogea. Ukweli ni kwamba kisanduku hicho kilikuwa kizuri. Mtu alikuwa kama gunia lenye mikono, lakini mizani! Kila pete ya mnyororo ilikuwa pale. Mawe ya kupimia yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa. Alikuwa ameichora kutoka kitini pake, kutoka upande ambao mteja hajawahi kusimama, kwa sababu huo ndio upande aliouona siku zote. Hata kutu haikusahauliwa.

Kalunde mwenyewe alinyoosha shingo kutazama. Mchoraji humtambua mchoraji, hata akiwa anamfukuza.

Mzee Ndululu aliuleta uso wake karibu mpaka pua ikagusa karatasi.

"Muthama, kumbe una mkono. Mizani hii mtu angeweza kupimia."

"Asante, Mzee."

"Hakuna ulichoacha. Hata hiki cheusi cha huku chini ya sahani ya sukari umekitia."

"Hiyo ni lami," Muthama akasema kwa majivuno. "Nimechora kila kitu kama kilivyo."

Mbuzi mmoja aliuliza kitu huko nyuma na hakujibiwa.

Unaweza kumwona mtu wakati maneno yake mwenyewe yanapomfikia masikioni. Penseli ya Muthama ilibaki hewani. Akatazama picha. Akatazama watu. Akafungua mikono akajaribu kuufunika mlango, lakini Syombua alishapita chini ya kwapa lake, akaingia ndani, akazunguka kaunta. Alipotoka alikuwa ameshika donge la lami ya barabara, limelainika kwa joto, lina alama ya sahani mgongoni, na uzito wake ndio uliokuwa ukipimwa kama sukari.

"Muthama," akasema, na sauti yake haikupanda. "Mimi nimesali juu ya hizi kilo. Jumatano baada ya Jumatano. Nimefunga. Nimemwambia Mungu awasamehe waliozileta."

"Mwaitu, hiyo ilikuwa... ni ya kutuliza sahani. Upepo..."

"Na mimi nilimnyima mume wangu sukari!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Nilisema ni yeye anayelamba!"

"Mmoja alilamba, mwingine akapigwa," akajibu mume huyo kutoka nyuma, na hilo ndilo lililopasua soko. Walicheka mpaka waliokuja na mayai wakayaweka chini. Walimcheka Muthama, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Mzee Ndululu alikuwa tayari ameshuka verandani.

"Unakwenda wapi, Mzee?"

"Nyumbani. Kuleta koleo. Kisanduku cha mwisho bado hakijafanyika."

Muthama alijifungia ndani ya duka, na ilimbidi Syombua aongee naye kupitia tundu la ufunguo. Aliamuru mambo mawili. Donge la lami lipigiliwe msumari juu ya mlango, libaki hapo. Na mizani igeuzwe, ubao uondolewe, upande uliokuwa wake peke yake sasa uwatazame wateja.

"Na kona?" Kalunde akauliza kutoka kigodani. Hakuwa amesimama hata kidogo.

"Kona ni yako. Lakini ugoro bado ni dhambi."

"Nimesikia, mwaitu. Ijumaa njoo ukemee."

Muthama alimpita Kalunde na kofia imeshuka, na watu wakiingia dukani waliinamia sahani kwanza, kisha wakasalimu. Ajabu ni kwamba waliingia wengi kuliko zamani. Kilo ilikuwa imekua, na sukari ikawa inafika mwisho wa wiki.

Mama Yake Blanketi aliendelea. Bwana Mizani naye alibaki kwenye hadithi, maana tumbo kama lile halitupwi. Ila sasa alikuwa mbeba mizigo wa yule mama, na Kalunde alimpunguzia kidole. Kisha akaanza kuona mambo. Kipande chake cha penseli ya wino, alichokiacha kwenye ufa wa ukuta jioni, asubuhi kilikuwa kifupi zaidi. Na asubuhi moja alikuta juu ya kigoda karatasi ya kaki iliyokunjwa. Ilikuwa picha ya Mama Yake Blanketi amesimama kwenye kaunta ya duka. Sura yake ilikuwa ya gunia. Lakini kila chupa kwenye rafu ilikuwa chupa, kibatari kilikuwa kibatari, na mikono, mikono ile ilikuwa na ngumi za kweli, vidole gumba nje.

Alikuwa bado ameishika Muthama alipotoka kufagia.

"Baba, hii ni ya nani?"

Muthama alitikisa kichwa, akafagia kwa nguvu.

"Nimeikuta kwenye kigoda changu. Nani angeacha kitu hapa?"

Akainua mabega. Kalunde alimtazama mtu huyu mwenye maneno mengi, sasa anafagia mahali palipokwisha fagiwa, midomo imebanwa kama mfuniko wa mkebe.

"Rafu ni nzuri," akasema Kalunde. "Mimi rafu hunishinda. Lakini mama huyu hana shingo. Ningempata huyo mtu ningemwonyesha shingo."

Fagio likasimama. Muthama akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akavuta kifua, akatafuta pa kujishikiza.

"Mama Kiema," akasema kwa ukali, "hiyo kona niliipiga saruji—"

Wala hakumaliza. Ulimi wake ulikuwa wa zambarau mpaka kooni.

"Vuta kiti, Baba," Kalunde akasema, akisogeza jiwe lake la kusagia kando. "Tuanze na shingo."